Mkono Mgongoni mwa Tullio

Picha ile bado inaning'inia kwenye baa ya Sante Corrà, juu ya mashine ya kahawa, ndani ya fremu nzuri kuliko ile ya mtakatifu wetu kanisani. Mwenye kofia ya posta ni mimi. Mkoba wa barua uko begani, mdomo uko wazi kama wa samaki, na mkono wangu wa kulia umetua katikati ya mgongo wa Tullio Fassan. Nyuma yetu kuna pikipiki, na juu yake mwamuzi ameinamia kijitabu, anaandika. Sante hakuandika jina langu chini ya picha. Kijiji chetu kizima, Pradalto, kinalijua.

Nimekaa na jambo hili miaka kumi na mmoja bila kufungua mdomo. Nakuambia wewe kwa sababu wewe si wa Pradalto, na kwa sababu nimechoka.

Miaka ile baada ya vita kwetu hapakuwa na kitu. Daraja la mto lilikuwa la mbao za kuazima, nusu ya mapaa yalikuwa maturubai, lakini kila mtu alikuwa na mwendesha baiskeli wake. Sisi wa milimani tulikuwa na Tullio, aliyekulia kwenye kiwanda cha mbao. Watu wa tambarare walikuwa na Renzo Calvari wa Campoverde, mwembamba, nywele zimelala kwa mafuta, hacheki hata akishinda. Kwa miaka sita wawili hao hawakupeana hata salamu, nasi tuliwasaidia kuchukiana. Kinyozi wetu aligundua kwamba mkaguzi wa kodi aliyekuja kunyolewa ana picha ya Calvari kwenye pochi. Alimwacha na povu shavu moja, akaenda kula chakula cha mchana.

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikaenda kuoa Campoverde. Siku ya harusi Sante alisimama na glasi yake akauliza kama Bwana Calvari atachelewa au tuanze kula bila yeye. Tulicheka wote, mimi na mke wangu Norma pia. Kosa langu nililifanya baadaye, jioni moja pale baa, niliposema Calvari anakaa vizuri juu ya baiskeli. Maneno sita tu. Tangu siku hiyo jina langu Gildo likafa, nikawa Shemeji.

Hakuna aliyekumbuka kwamba baiskeli ya kwanza aliyopanda Tullio maishani mwake ilikuwa ya posta, yangu mimi, nzito kama ng'ombe. Tulikuwa tukipokezana kupanda nayo hadi kwenye kiwanda cha mbao, na yeye alifika juu akiimba wakati mimi nilifika nikitapika.

Sasa lazima nieleze habari ya kusukuma, maana bila hiyo huwezi kunielewa. Mashindano yakipita mlimani kwetu, watu husimama kando ya njia na kumsukuma mtu wao. Mmoja humsukuma hatua kumi, anampokea mwingine, hivyo hivyo hadi juu. Sheria ya zamani ilisema mwendeshaji akiipiga ile mikono na kuikataa, hana hatia. Basi Tullio alikuwa akipiga. Alitupiga, alitutukana, alitutemea mate, nasi tulimsukuma na kufurahi. Mwaka mmoja alimzaba kofi mwuza maziwa, na mwuza maziwa akalionyesha shavu lile kijiji kizima.

Kusukumwa ni heshima. Kuomba kusukumwa ni aibu kubwa. Kuna mtu wa bonde la pili, mwendeshaji mzuri tu, alisikika siku moja akisema, "Nisukumeni jamani." Watoto wake sasa wameoa, na bado wanaitwa watoto wa Nisukumeni.

Mwaka ninaousema Tullio alikuwa na miaka thelathini na sita. Magoti yalikuwa yamekwisha. Katika Mzunguko wa Milima, mashindano ya siku kumi ya kuzunguka nchi yetu ya kaskazini, alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tatu, na mara zote tatu wa kwanza alikuwa Calvari. Kampuni iliyompa baiskeli ilikuwa imemwambia waziwazi: ukishinda mwaka huu tunakufungulia duka kule mji wa Lorenzaga, jina lako juu ya mlango, usiposhinda, tunashukuru kwa yote. Na bila duka kulikuwa na kiwanda cha mbao, mahali alipopoteza vidole baba yake, kisha uhai.

Siku ya tisa ilipopambazuka, Tullio alikuwa amevaa fulana nyekundu ya anayeongoza. Alikuwa mbele ya Calvari kwa dakika mbili kamili. Ulikuwa umebaki mlima wetu tu, Colle Storto, kona kumi na nne, halafu kesho yake njia tambarare hadi mwisho wa mashindano, ambako hakuna kinachobadilika. Pradalto yote ilihamia mlimani tangu jana yake na sufuria na magodoro. Baa ilifungwa. Hata simu ya kijiji, iliyokuwa humo baani, ikafungiwa ndani.

Mimi sikwenda nao. Posta haina sikukuu ya baiskeli.

Saa moja asubuhi nilikuwa Lorenzaga kuchukua mkoba wa barua, na safari ya siku hiyo ilikuwa inaanzia hapo hapo, uwanjani. Nikapita kwenye meza ya waamuzi kutazama. Kwenye mti wa karibu walikuwa wamepigilia karatasi, wino bado mbichi. Ilisema kwamba kwa sababu ya fujo za siku zilizopita, kuanzia leo kila msukumo utakaoonekana ni sekunde tano, mwendeshaji akubali asikubali, apige asipige. Chini yake kulikuwa na sahihi tatu na mhuri.

Nilihesabu haraka mikono ya kijiji changu, nikaacha kuhesabu.

Ningeweza kuing'oa karatasi ile. Nimeliwaza hilo kila siku ya maisha yangu. Hapakuwa na mtu anayenitazama, ilikuwa na msumari mmoja tu. Lakini mimi ni mtu wa posta, mtoto wa mtu wa posta, na karatasi yenye mhuri isiyo na jina langu juu yake siigusi. Nikatoa kalamu yangu, nikainakili nyuma ya bahasha kuukuu, neno kwa neno, hata nukta sikuacha. Kisha nikapanda baiskeli na mkoba mzima wa barua ambazo sikuzigawa, kosa ambalo lingeweza kunifukuzisha kazi, nikaelekea mlimani.

Nilifika kona ya tisa saa saba mchana, shati limenigandia. Nikakuta moshi wa ugali wa njano, soseji zinachomwa, chupa za mvinyo zimezikwa kwenye theluji kuukuu kando ya njia. Sante, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amesimama juu ya kreti na orodha ya nani anasimama wapi. Watu mia na ishirini.

"Jamani, Shemeji huyo!" akapaza sauti. "Umetuletea salamu za ukweni?"

"Sante, shuka nisikilize. Msisukume leo."

"Eti?"

"Msimguse. Sheria imebadilika. Kila mkono sekunde tano, hata akikupiga, hata akikutukana mama yako. Wanahesabu tu."

Soseji ziliendelea kulia kwenye moto. Watu walisogea.

"Nani kasema?"

"Waamuzi wenyewe. Wamebandika Lorenzaga asubuhi hii. Nimesoma kwa macho yangu."

"Karatasi iko wapi?"

Nikampa bahasha. Akaisoma polepole, midomo ikichezacheza, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huu ni mwandiko wako."

"Nimenakili."

"Mwandiko wako, bahasha yako, ulimi wako." Akawageukia watu. "Na mke wake wa wapi vile? Nikumbusheni."

"Campoverde!" wakaitikia kama wako misani.

"Sante, naapa kwa kaburi la baba."

"Ngoja nielewe, Bwana Gildo. Siku moja kabla ya mwisho, waamuzi wanabadilisha sheria. Na kati ya watu wote wa bonde hili, anayeletewa habari ni wewe. Na habari yenyewe ni kwamba tukunje mikono tumtazame Calvari akipita. Wewe ungekuwa mimi ungeamini?"

Tatizo ni kwamba nisingeamini. Lakini badala ya kunyamaza nikapandwa na hasira, nimezaliwa nayo, nikamwita punda mbele ya kamati yake yote. Hapo nikaharibu kabisa. Mtu mmoja akanivuta kofia hadi machoni, mwingine akanisukuma kiunoni akisema, "Haya, sekunde tano hizo, andika!" na kicheko kikashuka kona kwa kona mpaka chini.

Nikamwendea Mama Pasqua, mama yake Tullio. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, kona ya kumi na moja, shali nyeusi, mikono mapajani. Nikapiga goti kando yake.

"Mama, wewe unanijua. Nimekula kwako. Waambie wasimsukume, watampoteza."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mwenye homa.

"Gildo, mwanangu, umekula leo?"

"Mama, nisikilize."

"Yule mtoto nilimsukuma peke yangu kuja duniani, siku mbili, mkunga amelewa. Leo nishindwe kumsukuma hatua tatu?" Akanipapasa shavu. "Nenda kapate ugali. Na msalimie Norma, hana kosa yeye."

Sikuwa na la kufanya tena. Maji ya mlimani huwezi kuyazuia kwa viganja. Nikapanda hadi kona ya kumi na mbili, ile kali kuliko zote, ambako njia ni kokoto tupu na upande wa kulia kuna mtaro wa mawe. Watu wa kamati hawakupanga mtu hapo kwa sababu hapana nafasi ya kukimbia. Nikajiambia, angalau hapa atapita bila mikono. Nikasimama na kuifunga mikono yangu mwenyewe nyuma ya mgongo.

Saa tisa na kitu tukasikia honi. Kutoka pale juu niliona njia yote chini yangu.

Calvari alitangulia, peke yake. Kona ya tisa walimgeuzia mgongo, watu mia moja kwa pamoja, jambo walilokuwa wamelifanyia mazoezi. Kona ya kumi kuna aliyeinua mikono yake miwili juu na kuitingisha, amwone vizuri kwamba hamgusi. Hakuna hata kidole kilichomgusa. Alipita mbele yangu akihema, macho yamezama, akanitazama kofia, akapita. Hivyo ndivyo tulivyomtunza.

Nusu dakika baadaye akaja Tullio.

Nilisikia sauti yake kabla sijamwona. "Niacheni! Wanahesabu! Niacheni, wanahesabu!" Alikuwa anajua, waamuzi waliwasomea waendeshaji wote kabla ya kuondoka. Alikuwa anapiga kwa ngumi, si kwa kofi. Alimpiga kinyozi puani, damu ikatoka, na kinyozi akapiga kelele ya furaha. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyomsukuma, maana hivyo ndivyo alivyofanya kila mwaka, na mwaka huu alikuwa anafanya vizuri zaidi. Pikipiki ya mwamuzi ilikuwa inamfuata kama inzi. Niliona kalamu ikienda. Kona ya kumi na moja niliona shali nyeusi ikiinuka kwenye kiti, hatua tatu, mkono mdogo mgongoni mwake. Tullio aligeuka apige, akaona ni nani, mkono wake ukabaki hewani. Kalamu ikaenda.

Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimesimama na mikono nyuma kama mfungwa, nalia kama mjinga.

Alipotokea kwenye kona yangu hakukuwa na mtu karibu ila mpiga picha mmoja wa gazeti aliyelala kwenye nyasi. Mapambano yalikuwa yamemmaliza Tullio kuliko mlima. Uso ulikuwa mweupe, mate yamekauka kidevuni. Gurudumu la mbele lilikuwa linaandika nyoka kwenye kokoto, kushoto, kulia, kila mara karibu zaidi na mtaro. Mguu wa kushoto ulikuwa haushuki tena. Goti. Nililijua goti lile.

Akaniona.

"Gildo," akasema, sauti ndogo, ya nyumbani. "Mkono."

"Siwezi, Tullio. Yuko nyuma yako, anaandika."

"Naanguka."

"Kanyaga! Hatua ishirini tu!"

"Gildo, nakuomba. Mkono."

Alisema nakuomba. Gurudumu likafika ukingoni mwa mtaro, nikaona tairi likikanyaga hewa.

Sikumbuki kuutoa mkono nyuma ya mgongo. Nakumbuka fulana ilikuwa imelowa na chini yake mifupa, na kwamba hakuwa mzito hata kidogo. Nilisukuma. Baiskeli ikanyooka, akashika kasi, mguu ukashuka, akaipita kona. Nikasikia kitufe cha kamera. Mwamuzi akapita akinitazama, mtu mzima, mpole, naye akitikisa kichwa, na akaandika.

Saa kumi na mbili tulikuwa baani. Sante alikuwa amefungua na kuwasha redio. Kwenye mteremko Tullio alikuwa amefukuza kama mwendawazimu, na Calvari alimtangulia mwishoni kwa sekunde tisa tu. Watu walikumbatiana. Sante akapanda juu ya kiti na chupa. Kisha sauti ya redio ikasema, kama inayosoma bei za ng'ombe, kwamba waamuzi wamehesabu misukumo ishirini na mitatu kwa Fassan, sekunde mia moja na kumi na tano, na kwamba fulana nyekundu imekwenda kwa Calvari, aliyeko mbele kwa sekunde nne.

Sekunde nne. Msukumo mmoja ni tano. Hesabu hiyo kila mtu alimaliza kichwani kwa wakati mmoja, niliona nyuso zao zikimaliza.

Sante alishuka kwenye kiti polepole akanitazama, na kwa muda mfupi nilidhani ananiomba radhi. Nilijiandaa hata kumsamehe. Nilikuwa nimeshatunga maneno.

Jumatatu magazeti yalifika. Kwetu magazeti huja na posta, kwa hiyo niliyeyaleta ni mimi. Nilipanda nayo kutoka Lorenzaga yakiwa yamefungwa kwa kamba, sikuyatazama, nikayagawa nyumba arobaini. Nilipofika nyumba ya mwisho, ya kinyozi, alikuwa ameshasikia habari kutoka kwa jirani. Alilikunjua gazeti mbele yangu, pua imevimba, akanionyesha ukurasa wa kwanza.

Mikono ishirini na mitatu, na iliyopigwa picha ni mmoja.

Tullio alirudi nyumbani Jumapili iliyofuata. Alikuja baani baada ya misa na mama yake mkononi, amevaa koti lake zuri, na watu wakasimama. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu. Norma alikuwa amenikataza kwenda. Ndiye mtu pekee niliyemwambia yaliyosemwa pale kona ya kumi na mbili.

"Basi waambie," alikuwa amesema. "Una mdomo."

"Nikiwaambia, atakuwa Nisukumeni."

"Na wewe utakuwa nani?"

Nikavaa kofia.

Sante alisubiri mpaka Tullio apate glasi. Halafu akatoa bahasha yangu mfukoni. Alikuwa ameitunza.

"Tullio, sisi tulikusukuma hatujui," akasema. "Tulidhani ni kama zamani. Mungu anajua hatukujua. Lakini kuna mmoja alijua. Alikuja na sheria yote ameiandika, hata nukta hakuacha. Alijua kila mkono ni sekunde tano. Na akauweka wake."

Nilifungua mdomo. Lakini kila alichosema juu yangu kilikuwa kweli, unaona? Hapakuwa na neno la kukanusha.

Mama Pasqua akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Gildo, mimi nilimsukuma kwa kumpenda. Wewe ulimsukuma kwa nini?"

Baa nzima ilikuwa inanitazama. Mimi nilikuwa namtazama Tullio. Hakuhitaji kusema mengi. Angesema tu, nilikuwa naanguka. Habari ya kuomba asingeitaja, ningelimeza hilo hadi kaburini. Nilikuwa nangoja maneno mawili kutoka kwa mtu niliyempa baiskeli yake ya kwanza.

"Tullio," Sante akasema, "wewe ndiye uliyekuwepo. Ilikuwaje pale?"

Tullio alizungusha glasi juu ya meza. Alitazama mvinyo, alimtazama mama yake, alitazama nyuso za wale watu wote waliomtukuza tangu akiwa kijana. Mahali pote alipotazama hapakuwa na mimi.

"Nyuma sina macho," akasema. "Mkono ni mkono. Sikujua ni wa nani."

Mama yake akampapasa bega. Mtu mmoja akacheka kidogo kwa uchungu. Sante akaikunja bahasha yangu akairudisha mfukoni, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya kuvuna nyasi. Mimi nilikuwa bado nimefungua mdomo. Nikaufunga.

Sikumchukia. Nilijaribu, usiku na mchana, sikuweza. Nilijua alichokuwa anakilinda, maana hata mimi nilikuwa nakilinda. Tulikuwa wawili tumeshika mzigo mmoja, ila yeye alikuwa ameuegemeza wote upande wangu, na hakukuwa na mtu wa kumwomba aupokee.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yake ya rejista kutoka kwenye kampuni ya baiskeli. Barua ya rejista haiachwi mlangoni wala haipewi jirani. Mwenyewe lazima atie sahihi mbele ya mtu wa posta.

Nilipanda nayo hadi kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa ameshaanza kazi, unga wa mbao kwenye nyusi, fulana kuukuu. Nilimkuta mlangoni na ndani msumeno ukilia. Alisoma jina la kampuni kwenye bahasha, hakuhitaji kuifungua. Nami sikuhitaji kumwuliza.

"Weka sahihi hapa," nikamwambia, na nikampa kalamu yangu.

Akaweka daftari kwenye goti, lile goti lililokuwa afadhali, akaandika jina lake polepole, kama alivyokuwa akiwaandikia watu kwenye picha. Alipomaliza hakuinua kichwa.

"Gildo," akasema.

Nikangoja. Msumeno ulifika mwisho wa ubao, ukanyamaza, mtu aliyekuwa ndani akaweka ubao mwingine. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata tusi ningelipokea kwa mikono miwili.

"Kalamu yako," akasema, akanirudishia.

Nikaipokea. Nilikuwa bado na nyumba kumi na saba za kupelekea barua.